Jibu: Ninunue Juki ya kiwandani iliyotumika?

Dada, umeuliza kama uchukue cherehani ya kiwandani, Juki DDL-8700 iliyotumika, ili ushonee sare na mashuka nyumbani. Mimi ningeichukua, ila kwanza ningeangalia mota. Nyingi zilizotoka viwandani zina mota ya klachi: ukiwasha tu inanguruma na kula umeme hata kama hujakanyaga pedali. Mota ya servo huzunguka pale tu unapokanyaga, haina kelele, na mwendo unaupunguza upendavyo. Umesema una mtoto mchanga, basi klachi hapana! Kama kichwa, yaani mashine yenyewe bila meza na mota, ni kizima, mota hubadilishwa. Bei ya servo ikate kwenye bei anayotaka muuzaji. Uliza pia kama mota ni ya fezi tatu, yaani umeme wa viwandani, maana hiyo haitawaka kwenye soketi ya kawaida ya nyumbani.

Nenda na vitambaa vyako na uzi wako. Shona kipande chepesi, kisha pindo nene la sare. Ikiruka mishono, mwombe afungue upande wa bobini uone kama ncha ya ndoano, ile inayozunguka na kunasa uzi wa sindano, imelika. Mashine ikiwa inakimbia, tazama kile kidirisha cha juu: mafuta yasiporuka humo, pampu haifanyi kazi. Kilaze kichwa cha mashine nyuma uone trei ya mafuta iliyo chini yake; ukikuta mafuta meusi yenye chembe za chuma, aga uende zako. Rangi iliyochubuka isikusumbue. Mimi huogopa zaidi iliyopakwa rangi juzi.

Cherehani yako ya zamani usiiuze bado. Hii Juki hushona mstari ulionyooka tu. Zigizaga na matundu ya vifungo haifanyi.