Maswali ya Mafundi: Kung'arisha Nakshi za Kutoboa Bila Kuficha Mbao

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wanaokata nakshi kwa msumeno wa uzi: maandishi ya ukutani, fremu, vitu vya kuchezea watoto. Wote wanataka mbao ibaki na sura yake. Tumechagua maswali matano.

Nimekata Bismillahi kwenye mninga wa milimita 9, nikapaka vanishi ya mafuta kwa brashi, koti mbili. Usoni pamependeza, lakini ndani ya matundu ya herufi kumeganda michirizi na matone, na kingo zimekuwa nyeusi kuliko uso. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Mombasa*

Vanishi haina kosa, ila brashi ilikuwa imelowa mno. Kila inapovuka tundu, ukingo unaikamua, na vanishi inateremka ndani ambako huioni mpaka ikishaganda. Kazi ya kutoboa ina kingo nyingi, kwa hiyo anza na kingo, umalizie na uso. Chovya ncha tu ya brashi nyembamba, ikamue kwenye mdomo wa kopo, upite ndani ya herufi kwanza. Kisha geuza kazi, uiangalie kwa nyuma dhidi ya mwanga. Tone lolote linaloning'inia lifute hapo hapo kwa brashi kavu.

Weusi wa kingo una sababu yake. Pale msumeno ulipokata nyuzi za mbao kwa upana, ncha zake ziko wazi na zinakunywa vanishi nyingi kuliko uso. Dawa yake ni kuzishibisha kwanza kwa kitu chepesi kinachokauka haraka, na hapo shelaki, yaani utomvu wa wadudu unaoyeyushwa kwa spiriti, haina mpinzani. Chukua gramu 30 za magamba ya shelaki isiyo na nta, tia kwenye chupa ya kioo yenye mililita 250 za spiriti, funga na uache usiku kucha ukiitikisa mara kwa mara. Asubuhi ichuje kwa kipande cha soksi nyembamba ya kike. Andika tarehe kwenye chupa, kwa sababu shelaki iliyoyeyushwa inazeeka, na joto la pwani huiharakisha. Ikipita miezi michache, dondosha tone kwenye kioo. Likibaki linanata hadi kesho yake, mwaga, tengeneza nyingine.

Kabla ya shelaki, piga msasa namba 120, 180, kisha 220, ukifuata mkondo wa nyuzi. Vinyweleo vilivyobaki upande wa nyuma, pale uzi wa msumeno ulipotokea, viondoe kwa 220 iliyokunjwa. Vumbi la ndani ya matundu litoe kwa mswaki mkavu au kompresa. Vumbi likibaki, vanishi italifanya uji na kona zote zitakuwa na chengachenga.

Paka koti moja ya shelaki, subiri kama saa moja, pitisha msasa 320 kwa mkono mwepesi, futa vumbi, paka ya pili. Kwa kazi ya ukutani isiyoguswa, koti tatu za shelaki zinatosha, huna haja ya vanishi. Ukitaka vanishi juu yake, izimue kidogo kwa tapentaini, upake koti mbili nyembamba.

Kuhusu rangi, jaribu hivi kabla ya kupaka chochote: pangusa kipande cha mninga ule ule kwa kitambaa chenye spiriti. Rangi utakayoiona kabla hakijakauka inakaribia sana ile ya shelaki nyeupe au laka. Vanishi ya mafuta itaongeza wekundu wa asali, na itazidi kadiri miaka inavyokwenda. Ukitaka mbao ibaki karibu na rangi ya randa, tumia vanishi ya maji, lakini kwanza lowesha mbao kwa kitambaa chenye maji, iache ikauke, kisha ukate vinyweleo vilivyosimama kwa 320. Usipofanya hivyo, koti ya kwanza itakuwa na mikwaruzo kama ulimi wa paka.

Kazi uliyonayo bado inaokoka. Subiri hadi ukucha usiache alama kwenye tone, kata tone kwa wembe mpya ulioulaza, kisha bandika msasa 320 kwenye kijiti cha aiskrimu, uingie nao hadi konani.

Nikipuliza laka asubuhi, inakauka ikiwa nyeupe kama ukungu. Duka walisema laka mbovu, nikanunua nyingine, yale yale.
*Fundi, Unguja*

Laka ni nzima, ndugu yetu. Shida ni unyevu wa hewa. Thina ikiruka haraka inaupoza uso wa mbao, mvuke ulio hewani unaganda juu yake na kunaswa ndani ya laka kabla haijafunga. Asubuhi na mapema, na baada ya mvua, usipulize. Ngoja jua lipande na mbao yenyewe ipate joto. Pia uliza thina inayokauka polepole, maana ile ya bei ya chini mara nyingi huruka upesi mno. Ukungu ulioshika tayari unaweza kuondoka ukipuliza thina tupu, vumbi jembamba tu, laka ikalainika na kuachia maji. Usiloweshe.

Mpangilio wake ni huu: koti moja ya sandingi sila (koti ya chini ya kuziba mbao, inayopigwa msasa kirahisi), msasa 320, kisha koti mbili au tatu za laka. Kwa kopo la kupuliza, simama sentimita 20 hadi 25, anza kubonyeza kabla hujafika kwenye kazi na uachie ukishaipita. Kwa matundu, puliza kwa kulalia kutoka pande nne, ukiwa umeinua kazi juu ya misumari. Ukipuliza wima tu, kuta za ndani zinabaki kavu.

Mvuke wa laka unawaka. Jiko la mkaa, sigara, hata swichi inayotoa cheche, vyote viwe mbali. Na barakoa ya kitambaa inazuia vumbi, haizuii mvuke. Inahitajika ile yenye vichujio vya mkaa.

Baada ya kupaka, yanatokea mabaka meupe ambayo vanishi haikuingia.
*Msomaji, Arusha*

Ni gundi, ama ya kuungia ama ya kubandikia karatasi ya mchoro. Kabla ya kupaka, pangusa uso wote kwa spiriti: penye gundi patabaki papaukapauka wakati kwingine kunakolea. Gundi nyeupe ya mbao ikwangue kwa patasi kali kisha 220. Masalia ya gundi ya karatasi yatoe kwa tapentaini na kitambaa safi, na uache yakauke kabisa.

Natengeneza fumbo la mbao la kupanga kwa mwanangu wa miaka miwili, ambaye kila kitu anatia mdomoni. Naweza kupaka mafuta ya kupikia?
*Mama, Nakuru*

Hapana, mama. Mengi ya mafuta ya kupikia hayakauki wala hayagandi, na baada ya muda yanachacha na kunuka. Nunua duka la dawa mafuta ya parafini ya kunywa, yale meupe yasiyo na harufu yanayotumiwa kulainisha choo. Tafadhali yasichanganywe na parafini ya taa ya kituo cha mafuta, ambayo ni sumu. Pima sehemu 4 za mafuta hayo kwa sehemu 1 ya nta safi ya nyuki, kwa uzito: gramu 200 kwa gramu 50. Yeyusha ndani ya kopo lililowekwa kwenye sufuria ya maji moto, si juu ya moto moja kwa moja. Paka yakiwa vuguvugu, acha nusu saa, sugua kwa kitambaa kikavu hadi kisitoke na mafuta.

Kwa fumbo, nta inafaa kuliko vanishi kwa sababu nyingine pia: pengo lililoachwa na uzi wa msumeno ni jembamba, na koti tatu za vanishi kila upande zinatosha kuvifanya vipande vigome kuingia. Nta utairudia kila mbao ikionekana kukauka.

Nimepaka vanishi ya mafuta kwenye mpingo. Wiki imepita, bado inanata.
*Msomaji, Lindi*

Haitakauka vizuri hata ukingoja zaidi. Mpingo una utomvu wake unaozuia mafuta ya vanishi kuganda. Ifute yote kwa thina na matambara, badilisha tambara kila likichafuka, kisha pangusa mara ya mwisho kwa asetoni. Siku hiyo hiyo, kabla utomvu haujapanda tena, paka shelaki isiyo na nta, na juu yake chochote utakacho. Ila kwa maoni yetu mpingo hauhitaji vanishi. Ni mti mzito wenye nyuzi zilizobana, kwa hiyo ukipanda msasa 320, 400 hadi 600 unaanza kung'aa wenyewe, na nta kidogo inamaliza kazi.

Na kwa wote wanaotumia mafuta ya linseed, yaani ya mbegu za kitani: matambara yaliyolowa mafuta hayo yasifinyangwe na kutupwa kwenye kona ya karakana. Yanapokauka yanatoa joto, na yakiwa yamerundikana joto hilo halina pa kutokea, yanaweza kuwaka bila kiberiti. Yatandaze moja moja nje hadi yakakamae, au yatie kwenye debe la maji lenye mfuniko kabla hujafunga mlango jioni.