Maswali na majibu: mwenza anapougua saratani ya utumbo iliyosambaa

Swali: Mke wangu ana miaka 46. Amekutwa na saratani ya utumbo mpana ambayo imefika kwenye ini. Ndugu wanataka niuze kiwanja cha Buswelu nimpeleke India. Nifanye nini? (Ilemela)

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Kabla kiwanja hakijaguswa, keti na daktari wa saratani pale hospitali ya Bugando, Mwanza, ukiwa na majibu ya kinyama (kipande kidogo cha uvimbe kilichokatwa kupimwa), picha za sitiskani za kifua na tumbo, na ripoti ya upasuaji kama alishapasuliwa. Mwulize waziwazi: tiba hii inalenga kuponya, kurefusha maisha, au kupunguza mateso? Wengi wanaoniandikia hawajawahi kuuliza hivyo, na wameshauza mali.

Saratani ya utumbo huwahi ini kwa sababu damu itokayo utumboni hupitia huko kwanza. Ikiwa uvimbe kwenye ini ni mchache na sehemu itakayobaki ni nzima, wapo wanaokatwa sehemu iliyoathirika, pengine baada ya dawa kuusinyaza, na baadhi yao huishi miaka mingi. Ukiwa umeenea pande zote, tegemeo kubwa huwa dawa za saratani kama fluorourasili, oksaliplatini na irinotekani, na dawa za India ni hizohizo. Uliza basi ni tiba gani iliyoko huko ambayo hapa haipatikani, na kama inamfaa yeye. Zile dawa za kuamsha kinga ya mwili, ambazo watu huzisikia na kuzikimbilia, huwafaa takriban wagonjwa 5 katika kila 100 wenye saratani hii iliyosambaa, nao hutambuliwa kwa kukipima kinyama kilekile kilichokatwa. Usiuze ardhi kabla ya kipimo hicho. Tena, ujumbe wako umewataja ndugu wote, lakini sijaona mahali mke wako aliposema neno. Mwili ni wake; naye aketi kwenye kikao hicho.

Swali: Je, majani ya mstafeli yanatibu saratani ya utumbo? (wasomaji kadhaa)

Jibu: Hayajathibitishwa kumponya binadamu, na nimekwisha kulijibu hili mara nyingi. Mwaka 2011 tuliona watu wakijazana kwenye magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba, na wapo walioacha dawa zao za hospitali. Mgonjwa akitaka kunywa chochote cha asili, daktari wake ajulishwe kabla ya dripu inayofuata ya dawa za saratani.

Swali: Mke wangu anauza samaki wa barafu Kirumba. Tangu dripu ya kwanza, akigusa barafu vidole vinamchoma kama sindano, na maji baridi yanamkaba koo. (Mwanza)

Jibu: Hiyo ni oksaliplatini, ambayo hugusa mishipa ya fahamu. Barafu aiachie mtu mwingine, hasa siku za mwanzo baada ya kila dripu, na anywe maji ya uvuguvugu. Amweleze daktari mapema, kwa maana ganzi ikiachwa iendelee inaweza kubaki moja kwa moja, ilhali dozi inaweza kupunguzwa. Jambo ambalo hukuniuliza: akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Msimnunulie dawa ya malaria dukani na kusubiri kuche, kwa sababu kinga yake imeshuka na maambukizi yanaweza kumwua haraka.

Swali: Mume wangu alitibiwa kichocho, kisha bawasiri, karibu mwaka mzima. Sasa ni saratani ya puru (sehemu ya mwisho ya utumbo mpana) iliyosambaa. Mionzi ina faida? (Ukerewe)

Jibu: Inaweza kuwa nayo. Hata pale isipoponya, mionzi huweza kupunguza maumivu na kukausha damu kwenye puru, na Bugando inatolewa. Ninachoumia nacho ni huo mwaka. Kichocho cha matumbo kimejaa kandokando ya ziwa letu, ndiyo maana damu kwenye choo huandikiwa vidonge bila mgonjwa kulazwa kitandani akapimwa kwa kidole kwenye njia ya haja kubwa, kazi ya dakika chache. Mtu mzima ambaye damu inarudi baada ya dawa apimwe kwa kidole, kisha kwa kamera ya kuangalia ndani ya utumbo. Watoto wenu na ndugu zake wa damu nao wamweleze daktari habari hii, wapangiwe kipimo.

Swali: Mume wangu ameandikiwa mofini ya maji. Mama mkwe amekataa, anasema ni ya watu wanaokata roho. (Sengerema)

Jibu: Mwambie mama, kwa heshima zote, kwamba mofini ni dawa ya maumivu makali, na mgonjwa anaweza kuitumia kwa miezi huku akila, akilala na kuzungumza na wanawe. Ile ya maji kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa 4, bila kungoja maumivu yarudi. Hufunga choo, hivyo aombe na dawa ya kulainisha. Lakini tumbo likijaa, akatapika na asipitishe hata hewa, msimpe ya kulainisha: utumbo unaweza kuwa umeziba. Mpelekeni hospitali mara moja.