Maswali yenu: Haramia akikamatwa baharini, nani amhukumu?

Niliandika hapa majuzi juu ya maharamia wa Pwani ya Somalia na sheria za kimataifa zinazowahusu. Maswali yamekuja mengi kuliko nilivyotegemea, ukizingatia kwamba kutoka Arusha mpaka baharini ni safari ya siku nzima kwa basi. Nimechagua haya.

Mtu akivamia meli kwa bunduki si jambazi tu kama wengine? Kwa nini awe na sheria yake? (Msomaji, Ngaramtoni)

Tofauti ni mahali. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, kifungu cha 101, unasema uharamia ni ukatili, utekaji au uporaji unaofanywa na watu wa chombo kimoja dhidi ya chombo kingine, kwa maslahi yao binafsi, nje ya maji ya nchi yoyote. Maji ya nchi yanaishia maili 12 za baharini kutoka pwani. Meli iliyotia nanga Tanga ikivamiwa usiku, huo ni ujambazi wa kawaida na polisi wetu ndio wenye kazi. Ikivamiwa bahari kuu, manowari ya nchi yoyote ina haki ya kuwakamata wahusika, na kifungu cha 105 kinaruhusu mahakama za nchi iliyowakamata kuwahukumu. Tangu zamani wanasheria wamemwita haramia adui wa watu wote.

Hapo kwenye neno “kinaruhusu” ndipo penye tatizo. Kuruhusiwa si kulazimishwa.

Mwalimu wetu alisema Arusha nusura ipate mahakama ya maharamia. Ni kweli? (Mwanafunzi wa sheria, Usa River)

Ni kweli, na ni habari ambayo wenyeji wengi wa mji huu hawaijui.

Rudi mwaka 2008. Meli zinatekwa mfululizo Ghuba ya Aden, na serikali ya Somalia haina nguvu ya kulinda pwani yake. Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 1816 mwezi Juni, likiruhusu manowari za kigeni kuingia maji ya Somalia kwa ridhaa ya serikali yake. Umoja wa Ulaya ukaleta manowari zake Desemba mwaka huohuo. Ukamataji ukaanza.

Sasa fikiria uko juu ya manowari hiyo. Umewakamata vijana sita kwenye boti ndogo. Ndani mna mapipa ya mafuta na ngazi ndefu yenye ndoano, wala hamna wavu hata mmoja. Bunduki wamezitupa majini walipokuona. Utawapeleka wapi? Nchi yako haiwataki. Mabaharia walioshambuliwa, ambao ndio mashahidi, wameshaendelea na safari, na wakifika bandarini kila mmoja atarudi kwao. Mara nyingi vijana walinyang’anywa vifaa, wakapewa maji na mafuta ya kuwafikisha pwani, wakaachwa.

Mwaka 2010 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alimteua Jack Lang, waziri wa zamani wa Ufaransa, atafute ufumbuzi. Ripoti yake ya Januari 2011 ilisema zaidi ya tisa kati ya kila kumi waliokamatwa waliachiwa bila kushtakiwa. Akapendekeza mahakama maalumu Puntland na Somaliland, maeneo yenye utawala wao kaskazini mwa Somalia, pamoja na mahakama ya Kisomali itakayokaa kwa muda hapa Arusha, ilipokuwa Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda. Nikipita AICC, jengo la mikutano la kimataifa ilimokuwa mahakama hiyo, huwa naliwaza hilo: vyumba vilikuwepo, wakalimani walikuwepo, mahabusu ilikuwepo.

Haikuwa. Viongozi wa Somalia hawakuafiki mahakama yao ikae nje ya nchi, na siwezi kuwalaumu kwa hilo. Ila naamini kabisa kwamba fursa ilipotea. Mzigo uliwaangukia Kenya na Shelisheli. Kenya ilifungua chumba maalumu cha mahakama kwenye gereza la Shimo la Tewa, Mombasa, mwaka 2010, na Novemba mwaka huohuo Mahakama Kuu yake Mombasa ikasema haina mamlaka juu ya makosa ya bahari kuu. Mpaka Oktoba 2012 ndipo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo.

Wasomali wanasema walikuwa wanalinda samaki wao. Sheria inawasikiliza? (Msomaji, Majengo, Moshi)

Wizi wa samaki ulikuwepo kweli, na dunia iliufumbia macho. Lakini utafiti wa Benki ya Dunia ulikadiria fidia za mateka kati ya 2005 na 2012 kuwa dola milioni 339 hadi 413, na sehemu kubwa iliishia kwa wafadhili wa maharamia waliokaa nchi kavu. Mvuvi aliyenyang’anywa samaki hakupata haki yake kwa njia hiyo, na wafadhili ndio walioguswa kidogo zaidi na sheria.

Wahouthi wa Yemen nao ni maharamia? (Msomaji, Njiro)

Wanasheria wanabishana juu ya kundi hili lenye silaha lililoshambulia meli Bahari ya Shamu. Mkataba unadai “maslahi binafsi”, nao wanasema wanapigana vita. Kwa mateka, jina halipunguzi kitu.

Mwanangu anaondoka kwenda kazi ya meli. Akitekwa, sheria gani itamrudisha? (Mama, Kiboriloni)

Mama, nisikudanganye: hakuna sheria inayomtoa mateka mikononi mwa mtekaji. Machi 2024 mabaharia 23 wa Bangladesh walitekwa kwenye MV Abdullah, iliyobeba makaa ya mawe kutoka Maputo, wakakaa mwezi mzima.

Lakini kuna kinga moja. Marekebisho ya Mkataba wa Kazi za Mabaharia, yaliyoanza kutumika Desemba 2020, yanasema baharia akishikwa na maharamia mkataba wake hauvunjiki na mshahara unaendelea kulipwa muda wote wa utekwaji, hata kama tarehe ya mwisho wa mkataba imepita. Nchi ambayo meli inapeperusha bendera yake, ikiwa imeridhia, inawajibika kulisimamia hilo.

Kwa hiyo kabla hajapanda basi, mwambie akuachie nakala ya mkataba wake wa kazi, jina la meli, nchi ya bendera, na namba ya IMO, yaani namba ya kimataifa ya utambulisho wa meli. Ni tarakimu saba, na haibadiliki hata meli ikiuzwa na kupewa jina jingine. Iandike kwenye daftari pia, usiiache kwenye simu tu.