Re: Ampu ya tyubu au transista kwa HD 650?
Kaka, umeuliza ampu (kikuza sauti) ipi itaifaa hedifoni yako ya Sennheiser HD 650, mi kwa sikio langu nachukua ya tyubu, zile taa za kioo za zamani, bila kusita. Huku Ngamiani, Tanga, mi ni mtu wa taarab za zamani za kundi la Black Star, na kwenye tyubu sauti ya mwimbaji inasogea mbele na besi inanenepa, kwenye transista ngoma inapigwa na kukata papo hapo, safi kabisa ila mi naiona kavu. Na sio uchawi, ukinzani wa hiyo hedifoni, yani inavyozuia umeme, ni omu 300 lakini kwenye besi unapanda hadi karibu 500, sasa ampu nyingi za tyubu zisizo na transfoma nazo zina ukinzani mkubwa pale unapochomeka hedifoni, na hapo volti inaongezeka pale ukinzani wa hedifoni unapopanda, ndo maana besi inavimba kidogo. Hedifoni za planar (zenye utando bapa badala ya koni) hazibadiliki hivyo maana ukinzani wake umekaa flati.

We kama unapenda kusikia kila kidole cha mpiga gitaa basi chukua transista, wanaosema haina roho wanaongelea ladha yao tu. Ila ukienda kujaribu sawazisha kwanza voliumu za ampu zote mbili, yani hata desibeli moja ikizidi sikio linakimbilia ile yenye sauti kubwa.