Maswali na Majibu: Wikendi ya Kutazama Tamthilia Nairobi

Tangu nilipogusia katika safu hii safari yangu na marafiki kutoka Mombasa kwenda Nairobi kutazama mchezo wa kuigiza, wasomaji wameniandikia kuliko nilivyotarajia, na wengi wanauliza mambo yale yale. Nimechagua maswali sita na kuyafupisha.

Sisi ni marafiki sita wa Mombasa na sote hutoka kazini Ijumaa jioni. Tunataka kuona tamthilia Nairobi na kurudi kabla ya Jumatatu. Tupange vipi?

Anzeni na saa ya mchezo, ndipo mrudi nyuma hadi saa ya kutoka nyumbani. Wengi hupanga kinyume: hukata tikiti za treni, hulipia vyumba, kisha ndipo huuliza kuna mchezo gani, wakakuta jukwaa ni tupu wiki hiyo. Nairobi si mji ambao mchezo mmoja huchezwa mwaka mzima. Aghalabu kundi hucheza kuanzia Alhamisi au Ijumaa hadi Jumapili, likabomoa mandhari yake na kuliachia kundi jingine ukumbi. Jumamosi na Jumapili mara nyingi mchezo huchezwa mara mbili, alasiri na jioni.

Kwa watu mnaotoka kazini Ijumaa, napendekeza treni ya saa nne usiku, ambayo huwafikisha Syokimau, ilipo stesheni ya Nairobi, kabla ya alfajiri, mkapata kulala asubuhi na kuamka na akili timamu. Atakayechagua treni ya saa mbili asubuhi siku ya Jumamosi na akate tikiti ya jioni, wala si ya alasiri. Hili nalisema kwa uchungu. Safari yetu ya kwanza tulijidanganya kwamba treni ikifika saa nane mchana, saa moja itatosha kutoka Syokimau hadi katikati ya jiji, kana kwamba Barabara ya Mombasa ilikuwa imefagiliwa kwa ajili yetu. Tulifika saa tisa na nusu, milango imefungwa, na kijana aliyekuwa mlangoni akatuambia kwa adabu kwamba tutaingizwa sehemu ya kwanza itakapokwisha. Tulisimama nje na mabegi yetu tukisikia watu wakiangua kicheko ndani, na hadi leo sijui kilichowachekesha.

Fikeni stesheni mapema, angalau saa nzima kabla ya treni kuondoka, kwa sababu mizigo hupangwa chini kwa mstari, wenyewe wakasimama kando, na mbwa hupitishwa kuinusa kabla ya abiria kuruhusiwa kuendelea. Kitambulisho atakachobeba kila mmoja kiwe kile kile alichokatia tikiti.

Katika kundi letu kuna mwenzetu ambaye kila safari husema atatuma mchango wake jioni, na jioni hiyo haifiki. Tumfanyeje?

Asiyetuma kabla ya siku ya kukata tikiti asikatiwe. Najua linasikika kuwa kali, lakini tikiti ya mchezo ni kama samaki mbichi: usiku ukishapita, hakuna wa kuinunua kesho yake. Chagueni mweka hazina mmoja, fedha zote ziende kwenye simu yake, naye aandike alichopokea na alichotoa mahali ambapo wote wanaona, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Mafungu yawe mawili. La kwanza ni la vitu vinavyolipwa mapema, yaani treni (nauli ya daraja la kawaida ilipanda hadi shilingi 1,500 Januari 2024, na daraja la kwanza hadi 4,500), malazi na kiingilio. La pili ni la chakula, na hilo kila mtu ajibebee mwenyewe. Ugomvi mkubwa kuliko wote niliowahi kuusuluhisha ulizuka kwa sababu mtu mmoja aliagiza kuku mzima, wenzake wakanywa chai, kisha hesabu ikagawanywa sawasawa.

Mimi nimezoea Kiswahili cha Pwani, na nasikia michezo ya Nairobi ni Kiingereza na Sheng. Je, nitaambulia chochote?

Utaambulia mengi, ila usitarajie lugha moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Katika vichekesho vingi vya Nairobi mhusika akiwa mbele ya bosi wake husema Kiingereza, akikasirika hukimbilia Kiswahili, na akikutana na rafiki wa mtaani huingia Sheng, na mara nyingi kichekesho kimo katika huko kuhama kwenyewe. Neno likikupita, mkae na rafiki wa Nairobi akunong'onezee wakati wa mapumziko, si wakati mchezo unaendelea.

Anayetaka Kiswahili sanifu jukwaani atafute makundi yanayoigiza vitabu teule vya shule za sekondari, kwa mfano *Bembea ya Maisha* ya Timothy Arege. Maonyesho hayo hulenga wanafunzi, kwa hiyo mengi huwa siku za juma wakati wa muhula. Niliwahi kuketi katikati ya wanafunzi ambao waliyajua mazungumzo kuliko waigizaji. Mwigizaji mmoja aliporuka mstari, ukumbi mzima uliguna kwa pamoja, naye akarudi nyuma akausema.

Mume wangu anasema ukumbi ni ukumbi tu, na kwamba afadhali tutazame video nyumbani. Nimjibu nini?

Mpeleke kwanza asimame nje. Kenya National Theatre iko katika Barabara ya Harry Thuku, ikitazamana na hoteli ya Norfolk iliyofunguliwa mwaka 1904. Barabara hiyo haikupewa jina hilo kwa kubahatisha: Machi 1922 umati ulikusanyika karibu na hapo, nje ya kituo cha polisi alimozuiliwa Thuku, mwanasiasa aliyeupinga ukoloni, ukidai aachiliwe, na watu wakapigwa risasi. Miongoni mwa waliouawa alikuwa Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewasuta wanaume kwa woga wao. Ukumbi wenyewe ulifunguliwa mwaka 1952, mwaka ule ule serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari, na hata baada ya Uhuru jukwaa lake liliendelea kwa miaka mingi kuipendelea michezo ya Kizungu.

Oktoba 1976 Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo walileta hapo tamthilia yao kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ile ambayo tafsiri yake ya Kiswahili inaitwa *Mzalendo Kimathi*, nao wakapewa siku chache tu, kwa kuwa nafasi ilikuwa imetengewa maonyesho ya kigeni. Ngũgĩ amesimulia jinsi waigizaji walivyoshuka jukwaani siku ya ufunguzi wakiimba na kucheza, na watazamaji wakawafuata hadi nje kuelekea upande wa Norfolk. Desemba 1977 alitiwa kizuizini bila kushtakiwa, baada ya *Ngaahika Ndeenda*, tamthilia ya Kikuyu aliyoiandika na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, kuchezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, na kupigwa marufuku. Mchezo huo huo ulichezwa mwaka 2022 katika Kenya National Theatre, kwa Kiingereza na kwa Kikuyu, jengo likiwa limekarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2015. Ukumbi ambao umepitia hayo si ukumbi tu.

Kuhusu video, nitakupa jambo moja nililoliona kwa macho yangu. Mwigizaji aliyecheza mke alikuwa akigombana na mumewe wa jukwaani, kikombe kikamponyoka na kuvunjika. Hakusita. Alipiga magoti akaokota vigae kimoja kimoja, akivipanga kiganjani, huku akiendelea kumwambia mume maneno yake kwa sauti iliyozidi kushuka, na watu walionizunguka wakaacha hata kukohoa. Nilidhani ndivyo ilivyoandikwa. Rafiki zetu waliouona mchezo huo kesho yake walisema kwamba hakuna kikombe kilichovunjika.

Kuna masharti ya mavazi? Na simu je?

Nguo yoyote ya heshima inatosha, lakini beba sweta, kwa sababu usiku wa Julai mjini Nairobi humtetemesha mtu wa Pwani. Simu izimwe kabisa. Kuinyamazisha hakutoshi, kwani mwanga wake gizani humkera aliye nyuma yako na humfikia mwigizaji pia. Mifuko ya kripsi iachwe nje.

Mama yangu ana miaka 70 na goti linamsumbua, lakini amesema tukimwacha hatatusamehe. Tumchukue?

Mchukueni. Yeye asipande treni ya usiku. Nendeni naye asubuhi, mketi upande ambao atapata dirisha mnapopita Tsavo, kisha apumzike na kuona mchezo wa jioni. Pigeni simu ukumbini mapema kuuliza kuhusu ngazi, na mfike nusu saa kabla, kwa maana pale ambapo viti havina namba anayewahi ndiye anayechagua, naye anahitaji kiti cha mwisho wa safu ili aweze kunyoosha mguu. Jambo moja tu msimfanyie, nalo ni kumchagulia mchezo kwa kukisia. Mama yangu mimi nilimpeleka kwenye vichekesho nikidhani ndivyo vinavyomfaa, akasinzia hadi mapumziko. Tamthilia aliyoipenda, na ambayo bado hunisimulia kana kwamba sikuwapo, ni ile ya mauaji niliyoogopa kumwonyesha.