Wafanyakazi wangu hawatoi mawazo mapya, nifanyeje?

Mkuu, nimekusoma. Unasema kila kikao cha Jumatatu unauliza "nani ana wazo?" na watu wote kimya wanaangalia simu. Mi naona tatizo sio watu, ni hicho kikao chenyewe. Ukiwa bosi na umekaa pale mbele hakuna atakayejilipua, hasa kama mtu wa mwisho kutoa wazo alichekwa au akaambiwa "hilo tulishajaribu."

Jaribu hivi: kabla ya kikao kila mtu aandike mawazo yake peke yake kwenye karatasi bila jina, halafu mnayasoma yote na wewe unaongea mwisho kabisa. Na usiulize swali pana, uliza kitu kama "mteja anakwama wapi akitaka kulipia?", hapo utashangaa hata yule mkimya wa stoo ana la kusema.

Halafu wape muda. 3M, kampuni ya Marekani, tangu 1948 wanaruhusu watu wao watumie 15% ya muda wa kazi kwa mawazo yao wenyewe, na vile vikaratasi vyao vya kunata, Post-it, vilitokana na gundi dhaifu iliyopatikana 1968 ila vikaingia sokoni Marekani nzima 1980, kwahiyo usitegemee matokeo wiki ijayo.

Angalizo: wazo lijaribiwe kidogo kwanza, weka kikomo cha hela na tarehe ya kuliacha, usikope kwa ajili yake. Likigusa siri za wateja au umiliki wa ubunifu, muone mwanasheria kabla hujalitangaza.