Sumu ikimwagwa baharini, karma ni ya nani?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nasimamia mazingira katika kiwanda cha kuchenjua dhahabu. Kwenye semina moja mtoa mada alituambia kwamba kwa Wabuddha kila linalompata mtu ni karma yake mwenyewe. Akaongeza kuwa kwa vile mambo yote yanategemeana na hakuna "mimi" wa kudumu, hakuna wa kunyooshewa kidole. Je, ndivyo Ubuddha unavyofundisha? Na kampuni, ambayo si mtu, inaweza kuwa na karma?

JIBU: Marahaba. Ulichoambiwa si mafundisho ya Ubuddha. Ni maneno ya Kibuddha yaliyopindwa, na yakipindwa hivyo humnufaisha mwenye bomba la majitaka. Nitakujibu kwa kisa cha Minamata, kwa kuwa kule walioyapima mafundisho haya ni wagonjwa wenyewe.

Minamata ni mji wa wavuvi katika mkoa wa Kumamoto, kusini mwa Japani. Mwaka 1932 kiwanda cha kampuni ya kemikali ya Chisso kilianza kutengeneza asetaldehaidi, kemikali ya viwandani, kwa kutumia zebaki kama kichocheo. Ndani ya mtambo, sehemu ya zebaki hiyo iligeuka kuwa zebaki ya methili, yenye sumu kali, ikatoka na majitaka hadi ghubani, ikaingia kwenye samaki na kombe. Paka wa wavuvi walianza kurukaruka kama waliopagawa, kisha ikawa zamu ya watu: mikono ikatetemeka, ulimi ukawa mzito, macho yakaona kama ya mtu anayechungulia ndani ya bomba. Watoto walizaliwa wakiwa tayari wamepata sumu tumboni mwa mama zao. Tarehe 1 Mei 1956, hospitali ya kiwanda hichohicho, chini ya Dkt. Hosokawa Hajime, ilitoa taarifa ya ugonjwa huo kwa ofisi ya afya.

Sasa karma. Neno lenyewe maana yake ni tendo, na katika Anguttara Nikaya, mkusanyo mmojawapo wa mahubiri yake, Buddha anasema wazi kwamba anachokiita karma ni kusudi. Kwa hiyo ukitaka kupima karma ya kiwanda, huanzii kwa mgonjwa. Unaanza kwa kuuliza nani alijua nini, na alijua lini.

Kwa Minamata jibu lina tarehe. Mwaka 1959 Dkt. Hosokawa alimlisha paka, aliyeandikwa kwa namba 400, chakula kilichochanganywa na majitaka ya mtambo wa asetaldehaidi. Mwezi Oktoba paka huyo akaugua kama wavuvi. Wakubwa wa kiwanda wakaarifiwa, matokeo hayakutangazwa, na daktari akazuiwa kuendelea na jaribio. Desemba mwaka huohuo kampuni ikawapa wagonjwa kitu walichokiita pesa za pole, kwa mkataba uliosema kwamba hata ikija kuthibitika kuwa chanzo ni kiwanda, hawatadai zaidi. Mwezi huohuo ukazinduliwa mtambo wa kusafishia maji ambao haukuundwa kuondoa zebaki. Uzalishaji ule uliendelea hadi 1968, na ni baada ya hapo tu, Septemba, serikali ilipokiri rasmi chanzo cha ugonjwa.

Nakuomba usimame kidogo hapo kwenye 1959. Kabla ya paka yule, mtu angeweza kuzungumzia uzembe, na uzembe nao si jambo dogo. Baada yake, kila siku bomba lilipofunguliwa palikuwa na kusudi.

Kanuni za watawa zinapima kwa kipimo hichohicho. Kuna kanuni inayomtia hatiani mtawa ambaye, hali akijua kuwa maji yana viumbe hai, anayamwaga kwenye majani au udongo, au anaagiza yamwagwe. Tazama maneno mawili: "akijua" na "anaagiza". Hapo ndipo swali lako la pili linapopata jibu. Kampuni haina moyo wala nia, hivyo haibebi karma kama mtu. Lakini agizo la kampuni halijitoi lenyewe. Yupo aliyesoma ripoti na kuifungia kwenye kabati, yupo aliyetia saini, yupo aliyepokea mgao wa faida akachagua kutouliza. Kila mmoja ana sehemu yake kulingana na alivyojua na alivyoweza. Na kama kutokuwa na "mimi" wa kudumu kungemfutia mtu hatia, kungemfutia hata mwizi wa kuku, na Buddha asingekuwa na sababu ya kuwawekea watawa kanuni zaidi ya mia mbili.

Ama hilo la waathirika kustahili yaliyowapata, linaniuma zaidi, kwa sababu liliwahi kujibiwa na Buddha mwenyewe. Mtu aitwaye Sivaka alimuuliza kama ni kweli kila maumivu yanatokana na matendo ya zamani. Buddha akamtajia sababu nane, zikiwemo nyongo, mabadiliko ya majira na madhara anayotendewa mtu. Karma aliitaja kama mojawapo tu ya nane hizo, akasema wanaodai kila kitu ni karma wamekosea.

Wagonjwa wenyewe hawakunyamaza. Novemba 1970 walinunua hisa mojamoja ili wapate haki ya kuingia kwenye mkutano wa wanahisa wa Chisso, Osaka. Wakaenda wamevaa nguo nyeupe za mahujaji wa Kibuddha, wakipiga njuga na kuimba nyimbo za hija, wengine wamebeba vibao vya majina ya marehemu wao, na wakamkabili rais wa kampuni ana kwa ana. Machi 1973 mahakama ya Kumamoto iliitia kampuni hatiani na kuubatilisha ule mkataba wa pesa za pole kuwa kinyume cha maadili ya jamii.

Kuhusu kutegemeana, huenda mtoa mada wenu alisikia habari za Ogata Masato. Huyu ni mvuvi aliyefiwa na baba yake kwa ugonjwa huo mwaka 1959, akiwa na miaka sita. Alidai haki kwa miaka mingi, kisha mwaka 1985 akaondoa ombi lake la kutambuliwa kama mgonjwa. Baadaye akasema kwamba Chisso alikuwa yeye mwenyewe, kwa kuwa naye aliendesha gari, alitumia plastiki, aliishi ndani ya mfumo uleule. Ni maneno mazito, na naamini ni ya kweli. Lakini yana uzito kwa sababu yametoka kwa aliyedhulumiwa. Mwanasheria wa kampuni akiyachukua na kuyasema mahakamani, yanageuka kuwa dhuluma ya pili. Ogata alijiongeza yeye kwenye hesabu, hakumtoa mtu mwingine yeyote.

Wewe unashika zebaki au unaishi jirani na wanaoishika, na unajua kwamba mkataba wa kimataifa wa kuidhibiti, uliopitishwa mwaka 2013, unaitwa Mkataba wa Minamata. Vipimo vya maji vikifika mezani kwako, andika tarehe uliyovipokea na jina la uliyemkabidhi. Na mtoa mada akirudi, mwombe akusomee hotuba ya 36.21 katika mkusanyo wa Samyutta Nikaya, ile ya Sivaka, mbele ya darasa.